Programu inahesabu maonyesho 3, muongozaji anasema ni 1: muswada tunaugawaje?

#1 Mpangaratiba
Wakuu, salaam. Mimi ni msaidizi wa muongozaji katika filamu ya nusu saa tunayoiandaa Dar es Salaam, na kazi iliyoko mezani kwangu wiki hii ni kuuchanganua muswada wa kurasa 31 na kuupangia ratiba ya siku 6. Nimekwama ukurasa wa 14. Salma anampokea mama mkwe wake barazani, wanaingia ukumbini wakiendelea kuzungumza, kisha Salma anachukua birika na kutokea uani huku mama mkwe akimfuata nyuma, na maneno hayakatiki tangu mwanzo hadi mwisho. Mwandishi ameweka vichwa vitatu, yaani mistari inayotaja mahali na wakati, kwa hiyo programu ya kupangia ratiba imenipa maonyesho 3: la 14 lina sehemu nne za nane za ukurasa, la 15 lina mbili, na la 16 lina tano. Muongozaji anashikilia kwamba hilo ni onyesho moja la ukurasa mmoja na sehemu tatu za nane, kwa sababu ugomvi ni mmoja na atalirekodi kwa shoti moja bila kukata. Mtayarishaji naye anataka idadi kamili kabla ya kuzungumza na mwenye nyumba. Je, niyaunganishe ndani ya programu au niyaache yalivyo?

#2 MwanaKlapa
Yaache. Kanuni niliyofundishwa ni moja tu: mahali pakibadilika au wakati ukibadilika, onyesho limebadilika. Mchanganuo unaandikwa kwa ajili ya watu wanaobeba taa na kukodi nyumba, na hao hawahitaji kujua ugomvi umeanzia wapi na umeishia wapi. Leo muongozaji anasema shoti moja, lakini kesho mwenye nyumba akikataa ua wake usiingiwe, utalazimika kutafuta ua mwingine, na hapo utatamani maonyesho yako yangekuwa 3.

#3 BintiUngujani
Nakubaliana na muongozaji. Nyumba zetu za Mji Mkongwe zimejengwa hivyo, mtu huanza salamu barazani na kumalizia habari uani, na anayekata mazungumzo hayo mara tatu kwa sababu ya milango miwili anaupangia muswada ratiba isiyofanana na siku yenyewe ya kazi. Ukiwa na stripi tatu, yaani vipande vya ratiba, kimoja kwa kila onyesho, programu inakuruhusu kuzitawanya siku tatu tofauti, na mtu asiyeusoma muswada vizuri atazitawanya kweli. Andika kichwa kimoja cha ndani na nje kwa pamoja, uweke ukurasa 1 na 3/8, umalize.

#4 KaraniWaMwendelezo
Kabla hujaunganisha chochote, tuambie kama namba za maonyesho zimeshafungwa. Ikiwa muswada umeshagawiwa kwa idara zote, namba haziguswi tena: onyesho linalofutwa hubaki na namba yake na neno «limeondolewa» mbele yake, na linaloongezwa kati ya 14 na 15 huitwa 14A. Mhariri na mtu wa sauti wanaishi kwa namba hizo. Mimi katika hali kama yako huziacha namba tatu, nikaweka stripi zake pamoja katika siku moja, na kwenye klapa, ule ubao unaogongwa mbele ya kamera, nikaandika 14 hadi 16. Kwa hiyo #2 na #3 wote mna haki, ila mnazungumzia karatasi mbili tofauti: mmoja anazungumzia mchanganuo, mwingine ratiba.

#5 FundiMsimbo
Naomba niongeze jambo kuhusu programu yenyewe, kwa sababu tunaizungumzia kana kwamba imeamua. Programu haisomi hadithi. Inatafuta mstari ulioandikwa kwa namna inayoitambua kuwa ni kichwa, na kila inapoupata inakata. Katika mfumo wa kuandikia miswada wa Fountain, kwa mfano, mstari unaoanza na vifupisho vya Kiingereza kama INT (ndani), EXT (nje), EST au I/E huhesabiwa kuwa kichwa, na mstari unaoanza na NDANI au NJE huchukuliwa kuwa maelezo ya kawaida, mpaka uweke nukta moja mbele yake. Katika programu ya Final Draft unaweza kuihariri orodha ya maneno ya kuanzia ukaweka yako. Mpangaratiba, mwandishi wako ametumia maneno gani?

#6 Mpangaratiba
Ahsanteni. Namba bado hazijafungwa, tutafunga Jumatatu. FundiMsimbo, umenifumbua macho. Nimerudi kukagua na nimekuta vichwa vinne ambavyo mwandishi ameandika «SEBULENI – USIKU» bila NDANI, na vyote vinne vimemezwa ndani ya maonyesho yaliyotangulia. Onyesho la 22, ambalo nilikuwa nalishangaa kwa urefu wake wa kurasa 3 na nusu, kumbe ni maonyesho mawili, na la pili ni la usiku. Nilikuwa nimelipangia saa nne asubuhi.

#7 MkaaziWaMvita
Hilo la kumezwa ni afadhali, kwa sababu urefu wake utakushtua. La hatari zaidi ni programu kukata kimoja kikawa viwili bila dalili yoyote. Miaka michache iliyopita, huku Mombasa, nilifanya kazi katika tamthilia ambayo mwandishi aliandika «NYUMBA YA BI RUKIA – UANI» katika onyesho la 9, na «NYUMBANI KWA BI RUKIA – UANI» katika la 37. Kwetu sisi ni ua mmoja, wenye kisima kimoja na mpapai mmoja. Kwa programu ni maeneo mawili, na tulipoiagiza ipange kwa eneo ikayaweka moja siku ya 3 na jingine siku ya 11. Nyumba ikakodiwa mara mbili. Siku ya 11 tulipofika tukakuta mwenyeji ameukata mpapai, na onyesho la 37 linaanza na Bi Rukia akiangua papai. Tangu siku hiyo, kabla sijapanga lolote, huitoa orodha ya maeneo yote kwa alfabeti na kuisoma kwa sauti.

#8 MamaMaleba
Mkaazi, mfanyie vivyo hivyo orodha ya wahusika. Watu wetu hawaitwi kwa jina moja. Mwanamke huyo huyo ni Bi Zuhura kwa majirani, ni Mama Asha sokoni na ni Mama tu kwa watoto wake, na mwandishi mwenye sikio zuri ataandika hivyo hivyo juu ya maneno yake. Programu itakuhesabia waigizaji watatu na kuwapa namba tatu, na jedwali la siku za kazi litakuonyesha kwamba Mama anapumzika siku ambayo Mama Asha anafanya kazi. Nimeshawahi kuulizwa na mtayarishaji kwa nini nina vipimo vya mtu mmoja kwa wahusika watatu.

Sasa nirudi ukurasa wa 14, ambapo naona sote tumempita mama mkwe. Amekuja amevaa buibui. Barazani analo, ukumbini analivua na kulitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, uani yuko na kanga zake mbili. Mazungumzo ni mamoja, lakini maleba ni ya aina mbili, na shoti ikirudiwa mara nane buibui litavuliwa mara nane mbele ya kamera. Mimi nahitaji kulijua hilo kwenye karatasi ya onyesho la 15 peke yake, ili niandae buibui la pili la akiba, kwa sababu la kwanza litakuwa limelowa jasho kufikia mara ya nne. Ukiniunganishia maonyesho yote, msumari huo unazama ndani ya orodha ndefu na hakuna atakayeuona hadi siku ya kazi.

#9 BintiUngujani
MamaMaleba, hoja ya buibui imenigusa na siipingi. Lakini programu zote ninazozijua zinakuruhusu kuweka maelezo ya idara ndani ya onyesho moja. Buibui linaweza kuandikwa chini ya maleba, na msumari chini ya vifaa, bila kukata chochote.

#10 MzeeWaJukwaa
Vijana wangu, nimetokea kwenye tamthilia za jukwaani kabla sijaingia kwenye kamera, na nataka kuwakumbusha kwamba mgawanyo wa mahali na wakati si wa pekee. Katika mapokeo ya jukwaa la Ufaransa, onyesho jipya huanza kila mhusika anapoingia au kutoka, hata kama mahali ni pale pale. Kwa hesabu hiyo, ukurasa wa 14 ni onyesho moja mpaka mtu wa tatu atokee. Njia hiyo ni nzuri sana unapopanga siku za waigizaji, kwa maana inakuonyesha nani yuko pamoja na nani, na kwa dakika ngapi. Nimeitumia katika filamu iliyokuwa na harusi ya kurasa 9 ndani ya ukumbi mmoja: programu ilihesabu onyesho 1 na kuwataka waigizaji wote 17 wawepo siku zote mbili. Nilipoligawa kwa kuingia na kutoka, likawa vipande 6, na waigizaji 10 walihitajika siku moja tu.

Na jambo jingine. Mnasema «sehemu moja ya nane» kila mara, hali Kiswahili kina neno lake, thumuni. Nusu, thuluthi, robo, thumuni. Onyesho la thumuni tano, ukurasa mmoja na thumuni tatu. Ni fupi na linaandikika kwenye stripi.

#11 MwanaKlapa
Mzee wangu, shikamoo. Neno ni zuri, ila wazee wengi wanalijua kama senti hamsini, na nikiwaambia waigizaji wa ziada kwamba onyesho lao ni la thumuni moja watadhani ndiyo malipo yao. Kuhusu harusi nakubali kabisa, na nakiri kwamba kanuni yangu ya #2 isingekusaidia hapo, kwa kuwa mahali hapakubadilika wala wakati.

Ila thumuni zenyewe zina kasoro. Tunaambiwa ukurasa mmoja ni dakika moja. Mimi naona Kiswahili kinavunja hesabu hiyo, kwa sababu maneno yetu ni marefu na safu ya mazungumzo kwenye muswada ni nyembamba, yapata herufi 35 kwa mstari. Mstari mmoja unaingia maneno manne au matano, na ukurasa unajaa upesi kuliko saa inavyokwenda.

#12 FundiMsimbo
Hapo sikubaliani. Neno letu ni refu kwa sababu limebeba sentensi nzima. «Sijamwambia» ni herufi 11, na ndani yake yumo msemaji, yumo asiyeambiwa na umo wakati. Linakula nafasi ndogo kuliko maneno manne mafupi ya lugha nyingine yaliyotenganishwa kwa nafasi. Nadhani tofauti uliyoiona imetokana na karatasi. Kanuni ya dakika moja ilizoeleka Marekani, kwenye karatasi ya Letter na herufi za Courier za pointi 12, zinazotoa mistari 6 kwa kila inchi. Sisi tunatumia A4, iliyo ndefu zaidi kwa karibu sentimita 1.8, na hiyo ni mistari minne ya ziada kwa kila ukurasa. Muswada wa Mpangaratiba wa kurasa 31, ukibadilishiwa karatasi kuwa Letter ndani ya programu bila kuguswa neno, utakuwa wa kurasa zaidi ya 33, na thumuni za karibu kila onyesho zitasogea.

#13 MkaaziWaMvita
Basi kwa maelezo yako ukurasa wa A4 ungechukua zaidi ya dakika, na MwanaKlapa analalamika kwamba unachukua pungufu. Hoja mbili zinakwenda njia tofauti. Mimi nimekaa na saa mkononi kwenye mazoezi, na nilichokiona ni kwamba ukurasa wa ugomvi hukimbia kwa sekunde 45, na ukurasa wa salamu za wazee huvuka dakika na nusu, kwa sababu hakuna mzee anayeulizwa habari za nyumbani akajibu haraka.

#14 KaraniWaMwendelezo
Thumuni hazikuwekwa ili zipime dakika peke yake, zinapima pia kiasi cha muswada mnachoweza kukimaliza kwa siku, na hapo ndipo huwa zinadanganya zaidi. Onyesho fupi kuliko yote huhesabiwa thumuni moja, hata likiwa mstari mmoja. Nilishawahi kupewa mstari huu: «Wavuvi wanalisukuma jahazi majini.» Thumuni moja. Tulilifanyia kazi kuanzia alfajiri hadi adhuhuri, na hatukulimaliza, likabaki la kurudiwa.

#15 BintiUngujani
Karani, hilo la jahazi ndilo ninalotaka watu walisikie, kwa sababu sijaona programu yenye nafasi ya maji kujaa na kupwa, na sisi watu wa pwani tunarekodi ufukweni kila siku. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, tofauti ya maji yakijaa na yakipwa Unguja hufikia kama mita 4, na ufuo uliokuwa na upana wa uwanja wa mpira asubuhi unakuwa ukanda wa mchanga alasiri. Kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi. Sasa hesabuni: ukikatiza onyesho la ufukweni Jumamosi saa tatu asubuhi maji yakiwa yamekupwa, ukalirudia Jumamosi inayofuata saa ile ile, dakika 50 mara siku 7 ni karibu saa 6, kwa hiyo utayakuta yamejaa. Tena bamvua itakuwa imepita, umeingia kwenye maji mafu, ambapo tofauti hiyo ni ndogo. Ukisubiri wiki mbili utapata maji yanayofanana. Programu itakupangia wiki moja bila wasiwasi wowote, kwa sababu kwake «UFUKWENI – ASUBUHI» ni kitu kimoja siku zote. Mimi huongeza kwa mkono safu ya kategoria mpya na kuandika maji kupwa, maji kujaa au maji nusu, na kila onyesho la ufukweni nalihesabu kuwa mawili endapo maji hayatasubiri.

#16 FundiMsimbo
Safu hiyo ya maji naichukua. Na wakati umetaja asubuhi, niseme pia kuhusu nyakati. Rangi za stripi zilizozoeleka ni nyeupe kwa ndani mchana, njano kwa nje mchana, buluu kwa ndani usiku na kijani kwa nje usiku. Zimejengwa juu ya mchana na usiku tu. Waandishi wetu huandika ALFAJIRI, ALASIRI, MAGHARIBI, BAADA YA ISHA, na programu isipofundishwa maneno hayo inaziacha stripi bila rangi. La magharibi ndilo linalohitaji uangalifu, kwa sababu huku karibu na ikweta mwangaza kati ya jua kutua na giza kushika hudumu dakika 20 hivi. Kurasa 2 za MAGHARIBI haziingii ndani ya dakika 20. Ama zigawanywe jioni mbili, ama muongozaji akubali ziwe usiku.

#17 MwanafunziKisumu
Habari zenu. Najifunza kutokana na uzi huu na nina swali. Mazungumzo ya simu kati ya watu wawili, mmoja Kisumu na mwingine Nairobi, yenye kurasa 2, yanahesabiwaje? Nikiyafanya maonyesho mawili, je, kila moja ni kurasa 2? Jumla yangu inazidi muswada.

#18 MwanaKlapa
Mawili, kila moja na thumuni zake kamili, kwa kuwa kila upande utarekodiwa wote. Jumla kuzidi muswada ni sahihi, ndiyo kazi halisi inayokusubiri.

#19 MkaaziWaMvita
Hapana. Jumla ikizidi, mtayarishaji hataiamini ratiba nzima. Gawa ukurasa mmoja kwa kila upande, na muda wa ziada uandike kwenye makadirio ya saa. Programu nyingi zina nafasi hiyo na watu hawaijazi.

#20 KaraniWaMwendelezo
Mimi humpa thumuni zote yule ambaye kamera itakaa naye zaidi, na mwingine humpa thumuni moja. Muulize muongozaji hadithi ni ya nani katika simu hiyo, naye lazima awe na jibu.

#21 MzeeWaJukwaa
Mwanangu wa Kisumu, umepata majibu matatu, na wote watatu wamekamilisha filamu kwa njia zao. Ushauri wangu kwako ni kwamba usifungue programu kabla hujausoma muswada wote mara mbili ukiwa na kalamu na rula. Piga mstari kila unapoona mahali, wakati au watu wanabadilika, kisha ndipo uiache programu ihesabu. Aliyeanza na programu haoni ilipokosea, kwa sababu hajui kilichopaswa kuwepo.

#22 BintiUngujani
Mzee, nakuheshimu, lakini muswada wa kurasa 110 wenye marekebisho kila juma hauwezi kurudiwa kwa kalamu kila mara. Tofauti kati ya toleo la jana na la leo programu inaitoa kwa dakika moja, na kwa macho ni kazi ya usiku mzima. Labda kalamu itumike kwa toleo la kwanza pekee.

#23 Mpangaratiba
Nawashukuru nyote. Nimefanya hivi: orodha ya maeneo nimeisoma kwa sauti kama alivyosema Mkaazi na nimekuta «DUKANI KWA MANGI» na «DUKA LA MANGI», nimeyafanya moja. Mama na Mama Juma nimewaunganisha. Ukurasa wa 14 nimeacha namba tatu, stripi zimekaa pamoja siku ya 2 asubuhi, na MamaMaleba, buibui la akiba na msumari vimeandikwa kwenye karatasi ya onyesho la 15 peke yake.

Muongozaji ameiona ratiba na hajaridhika. Anasema akiona namba tatu, mpigapicha ataweka taa za mahali patatu na mwendo wa waigizaji utakufa mlangoni. Mpigapicha naye anasema barazani kuna jua na ukumbini kuna giza, kwa hiyo kwake ni mahali pawili na uani ni pa tatu, hata tungeandika namba gani. Kesho saa mbili asubuhi tunakwenda sote kuiona nyumba, tuupime mlango wenyewe.

#24 KaraniWaMwendelezo
Mkifika, tazama kwanza mlango wa ukumbini unafunguka kuelekea ndani au nje. Ukifunguka kuelekea ndani, msumari wa buibui hautaonekana katika shoti yake hiyo moja, na itabidi akate pale pale.

#25 MamaMaleba
Au msumari uhamishwe ukutani. Mwenye nyumba aulizwe kwanza, maana kuta za chokaa hazipigwi misumari ovyo.